Cindy Ngamba: Ngumi ni Zake, Hadithi ni ya Nani?

Tangu Agosti 2024 jina la Cindy Ngamba limekuwa kama mali ya kila mkimbizi. Mtu ambaye hajawahi kutazama hata raundi moja ya ngumi atakuambia kuna dada mmoja, mkimbizi kama sisi, alipata medali Paris. Linatajwa kwenye hotuba za Juni 20. Linatajwa darasani. Vijana wanaopiga mfuko uliojazwa matambara na kufungwa kwenye mti wanalitaja kama jina la mtu wa bloku ya jirani. Na sasa kwa vile ameacha ngumi za ridhaa na kuingia ngumi za kulipwa, jina limezidi kusafiri: anapigana na nani tena? analipwa ngapi?

Vizuri. Mimi pia nampenda. Lakini bondia hupendwa kwa kutazamwa akipigana, na naona wengi wetu hatutazami ngumi, tunatazama hadithi. Tena hadithi yenyewe imekatwakatwa mpaka imebaki fupi kama tangazo: msichana alikimbia kwao, akateseka, hakukata tamaa, akapata medali. Ikisemwa hivyo inaweza kuwa ya mtu yeyote, na mtu yeyote anaweza kuitumia kwa shughuli yake. Nia yangu hapa ni kurudisha vile vilivyokatwa. Ni vitatu: ngumi zenyewe, karatasi, na sababu. Halafu tuone hii safari yake mpya ya pesa inatuambia nini sisi tulio kambini.

Ngumi zenyewe

Ngamba alizaliwa Kamerun mwaka 1998. Alifika Uingereza akiwa na miaka 11, akakulia Bolton, mji wa kaskazini usio mbali na Manchester. Hakuanza na ngumi. Alikuwa akicheza mpira kwenye klabu ya vijana, akaona wavulana wakitoka kwenye chumba kimoja wamelowa jasho, akataka kujua mle ndani kuna nini. Ndiyo mwanzo. Akapata kocha, akapata mazoezi, akapata mapigano, na miaka iliyofuata akachukua ubingwa wa taifa wa England katika madaraja matatu tofauti ya uzito.

Hapo tusipite haraka. Bondia anayepanda daraja anakutana na mikono mizito kuliko aliyoizoea. Anayeshuka anapambana na mizani na njaa kabla hajapambana na mtu. Kuwa bingwa wa nchi katika madaraja matatu ni kazi ya fundi, mtu anayejua kubadilisha mwendo, umbali na pumzi kufuatana na aliye mbele yake. Hotuba zetu hazisemi hivyo. Zinasema "moyo". Moyo upo, sikatai, lakini wenye moyo ni wengi na mabingwa ni wachache.

Mwezi Machi 2024, kwenye mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Busto Arsizio, Italia, alikata tiketi ya Olimpiki kwa ngumi zake, bila kubebwa na mtu. Paris alipigana daraja la wanawake la kilo 75. Pigano lake la kwanza lilikuwa na Tammara Thibeault wa Kanada, ambaye mwaka 2022 alikuwa bingwa wa dunia. Majaji waligawanyika, Ngamba akapita. Kama ningeulizwa kazi yake kubwa kuliko zote katika ngumi za ridhaa ni ipi, ningetaja hiyo, siyo medali. Kumtoa bingwa wa dunia katika pigano la kwanza, wakati mwili bado haujauzoea ulingo wa Olimpiki na kelele zake, hiyo ni kazi.

Robo fainali alikutana na Davina Michel, Mfaransa, mbele ya Wafaransa. Akamshinda. Na hapo ndipo medali ilipopatikana, jambo ambalo wengi hawalijui: katika ngumi za Olimpiki wote wawili wanaoshindwa nusu fainali wanapewa shaba. Hakuna pigano la kutafuta mshindi wa tatu. Agosti 8, nusu fainali, alikutana na Atheyna Bylon wa Panama, mkongwe aliyekuwa na miaka mingi ya mapigano kuliko yeye. Majaji waligawanyika tena, safari hii upande wa pili. Bylon akaenda fainali, akashindwa na Li Qian wa China.

Kwa hiyo picha ile tunayoipenda, ya dada mwenye shaba shingoni, ni picha ya mtu aliyetoka kushindwa pigano la karibu sana. Kwenye hotuba sijawahi kusikia hilo. Na linamheshimu zaidi, maana linatuambia kwamba alikwenda Paris kutafuta dhahabu, kama bondia yeyote mwenye akili zake. Sisi tulitosheka kabla yake.

Karatasi

Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki ilianza Rio mwaka 2016 na wanamichezo 10. Tokyo walikuwa 29. Paris walikuwa 37. Ngamba ndiye wa kwanza kuiletea timu hiyo medali. Hiyo ni kweli na ni kubwa. Lakini jiulize, kwa nini alikuwa kwenye timu hiyo?

Ngamba alifanya mazoezi Sheffield pamoja na kikosi cha taifa cha Uingereza. Jimu ileile, makocha walewale, mabondia walewale wa kupasha nao mwili. Kilichomzuia kuvaa jezi ya Uingereza hakikuwa uwezo. Ni pasipoti. Alikuwa ameishi nchi hiyo zaidi ya nusu ya maisha yake, amesoma hapo mpaka akapata shahada ya mambo ya uhalifu katika chuo kikuu cha Bolton, amekuwa bingwa wa nchi mara tatu, na bado karatasi ilikuwa inasema huyu si wetu.

Kuna kipande kingine ambacho mtu wa kambini atakielewa bila kuelezwa. Akiwa kijana wa miaka kama 20 hivi, Ngamba alikuwa bado ni mtu wa kwenda kusaini ofisi ya uhamiaji. Siku moja alikwenda kusaini kama siku zote, akakamatwa, akapelekwa kizuizini London. Hakujua kama atarudi Bolton au atapandishwa ndege. Aliachiliwa. Sisi tunaojua kusimama kwenye foleni tukiwa na kadi mkononi, tusijue leo karani atasema nini, hatuhitaji maelezo. Hata huko mbali, kwenye nchi tunazoziota, kuna foleni hiyo.

Sasa angalia jinsi hadithi inavyosimuliwa. Inasema: Uingereza ilimpa nafasi, wakimbizi wakapata shujaa. Hadithi kamili inasema: watu fulani wa Bolton walimpa nafasi, na ofisi fulani ilitaka kumwondoa, vyote ndani ya nchi moja. Ukikata nusu ya pili unabaki na picha nzuri ya mwenyeji mkarimu. Ukiirudisha unaona kwamba shujaa wa timu ya wakimbizi alikuwa huko kwa sababu mlango mwingine ulifungwa.

Si yeye peke yake. Dominic Lobalu, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekimbilia Kenya akiwa mtoto na baadaye Uswisi, mwaka huohuo wa 2024 mwezi Juni alichukua dhahabu ya Ulaya ya mita 10,000 akivaa jezi ya Uswisi. Miezi miwili baadaye Paris alikimbia mita 5,000 akivaa jezi ya wakimbizi, akawa wa nne, akaikosa shaba kwa sekunde 0.14. Miguu ileile. Jezi ziligawanywa na karatasi. Mtu mmoja, kiangazi kimoja, Mswisi Juni na mkimbizi Agosti. Hapo ndipo unaona kwamba neno "mkimbizi" kwenye michezo si kabila na si aina ya moyo. Ni mahali karatasi yako ilipofikia.

Sababu

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda, lakini makala ya kuhakiki hadithi haiwezi kuliruka.

Kambini watu husema Ngamba alikimbia vita. Kamerun kuna vita kweli, kwenye mikoa inayozungumza Kiingereza, kwa hiyo maneno hayo yanapokewa bila swali. Wengine husema "mambo ya siasa". Lakini kesi yake haikuwa hiyo. Ngamba anapenda wanawake, na amelisema mwenyewe hadharani mara nyingi bila kuzunguka. Sheria ya Kamerun inaweza kumfunga mtu hadi miaka mitano kwa uhusiano wa jinsia moja. Ndiyo maana hawezi kurudi, na ndiyo sababu aliyopewa hadhi ya ukimbizi. Hakuna sababu nyingine iliyofichwa nyuma yake.

Najua tunakaa wapi. Wengi wetu tunaishi katika nchi ambazo sheria zake zinafanana na hizo za Kamerun, au zinazidi. Najua pia makanisa na misikiti yetu inasema nini, na siandiki hapa kugombana na imani ya mtu. Ninachouliza ni kidogo zaidi, na nadhani ni kigumu zaidi.

Kila mkimbizi mtu mzima anayesoma makala hii aliwahi kukaa kwenye kiti mbele ya meza, kukawa na mtu anaandika, na mkalimani katikati. Ukaulizwa: kwa nini ulikimbia? Ukaeleza. Pengine ulieleza jambo ambalo hujawahi kumweleza hata mama yako. Ulichotaka siku ile ni kitu kimoja: wasikate. Mkalimani asipunguze kwa sababu anaona aibu. Mwandishi asilainishe kwa sababu ana haraka. Usije ukarudi baada ya miezi nane ukakuta faili lako linasema kitu kingine. Tunajua watu ambao kesi zao zilianguka kwa sababu sentensi moja ilirukwa.

Basi sisi tunapomsimulia Cindy Ngamba na kuweka "vita" mahali pa sababu yake, tunamfanyia kilekile tulichokiogopa kwenye kiti kile. Tunachukua medali, tunatupa ushahidi. Huhitaji kukubaliana na maisha ya mtu ndipo useme kesi yake kama ilivyo. Ukimwita dada yako, basi ni dada yako pamoja na faili lake lote. Vinginevyo sema tu unaipenda shaba.

Na ndugu zetu wa mashirika msicheke pembeni. Kuna maelezo huandikwa kwa Kiingereza yakiwa kamili, yakifika kwenye bango la Kiswahili yamepungua nusu. Mtasema ni kuheshimu jamii, au ni kuwalinda walio hatarini. Wakati mwingine ni kweli: kuna watu kambini ambao kutajwa kwao kunaweza kuwaua, na hao wasitajwe. Lakini Ngamba amejitaja. Kumkata yeye hakumlindi mtu. Kunatulinda sisi tusiulizane maswali.

Mlango wa jimu

Neno linalopendwa sana kwenye semina ni "ustahimilivu". Ngamba hutolewa kama mfano wake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ebu tuangalie vilivyounda.

Kulikuwa na klabu ya vijana iliyo wazi baada ya shule. Kulikuwa na kocha mwenye subira na msichana asiyejua kitu. Kulikuwa na chakula cha kutosha cha kujenga mwili wa kilo 75 wenye nguvu. Kulikuwa na barabara na basi la kumpeleka mji mwingine kupigana Jumamosi na kurudi Jumapili. Zaidi ya yote, kulikuwa na wapinzani: wasichana wa uzito wake, wengi, wa ngazi mbalimbali, mwaka baada ya mwaka.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloeleza kitu ambacho wapenzi wa michezo kambini hukiuliza. Kwa nini kambi zetu zimetoa wakimbiaji na hazijatoa mabondia? Mwaka 2016 Kakuma ilipeleka Rio wakimbiaji watano wa Sudan Kusini, akiwemo Rose Nathike aliyebeba bendera. Mwaka huohuo timu ilikuwa na wapiganaji wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, Wakongo. Lakini hao hawakutoka kambini. Walijifunza judo Congo, wakaiwakilisha nchi, wakaomba hifadhi Brazil walipokwenda kwenye mashindano ya dunia mwaka 2013. Unaona tofauti? Mkimbiaji anaweza kuanza na barabara ya vumbi na saa. Atapata shida ya viatu, atapata shida ya chakula, lakini barabara haimkatai. Mpiganaji hawezi kuanza peke yake. Anahitaji mtu wa kumpiga na wa kupigwa naye, wa uzito wake, anayejua zaidi yake kidogo. Bondia asiye na wapinzani ni mtu anayecheza na kivuli.

Sasa fikiria kijana wa kambi ya Tanzania au Kenya, ambako kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Mashindano ni Jumamosi mjini. Kibali kinaombwa wiki mbili kabla, kinajibiwa Jumatatu baada ya mashindano. Fikiria msichana, ambaye juu ya kibali anaambiwa na majirani boksi ni mchezo wa wavulana, ingawa ngumi za wanawake ziko Olimpiki tangu London 2012. Mpe kijana huyo moyo wa Ngamba wote, usibakize hata tone. Bado hatafika popote. Siyo kwamba hastahimili. Anastahimili kila siku, tangu kuchota maji mpaka mgao uliopunguzwa. Amekosa wa kupigana naye.

Kwenye mashua ya ufunguzi wa Paris, Julai 26, bendera ya timu ya wakimbizi ilibebwa na watu wawili: Ngamba, na Yahya Al Ghotany, Msyria wa taekwondo aliyejifunzia mchezo wake kwenye kambi ya Azraq, Jordan. Kambi hiyo ilikuwa na chumba cha taekwondo, na walimu, na vijana wengine wa kupigana nao. Hata yeye hakuota kama uyoga. Ukitaka ushahidi kwamba kambi inaweza kutoa mpiganaji wa Olimpiki, ni huyo, na ushahidi wenyewe unaanza na chumba.

Ngumi za kulipwa

Machi 7, 2025, Ngamba alipanda ulingoni Royal Albert Hall, London, kwa pigano lake la kwanza la kulipwa, dhidi ya Kirstie Bavington. Usiku ule wote ulikuwa wa mabondia wanawake. Pigano kubwa lilikuwa la Lauren Price na Natasha Jonas. Ngamba alishinda.

Kwa asiyejua, huu ni mchezo mwingine. Ridhaa, bondia anapigana raundi tatu za dakika tatu, wanawake wakivaa kofia ya kujikinga kichwa, majaji watano wanahesabu, na kifuani una jina la nchi au la timu. Kwenye kulipwa kofia inavuliwa. Wanawake kwa kawaida hupigana raundi za dakika mbili, lakini nyingi zaidi, hadi 10. Kifuani hakuna nchi. Kuna jina lako na matangazo ya waliokulipa. Na hapo ndipo umaarufu unapobadilika kutoka sifa kuwa mtaji. Promota anauliza: huyu akipigana, nani atanunua tiketi?

Katie Taylor wa Ireland ni mfano mzuri wa jibu. Alichukua dhahabu London 2012, akaingia kulipwa 2016, na Waireland wakamfuata kokote, wakajaza kumbi. Aliingia akiwa na taifa mfukoni. Ngamba anaingia na nani? Mashabiki wake kwa idadi ni wengi kuliko wa bondia yeyote duniani, kwa sababu waliolazimika kuhama makwao ni zaidi ya watu milioni 100. Lakini ni mashabiki wasioweza kununua tiketi. Wengi hawana hata bando la kutazama marudio. Wanampenda kwa picha iliyotumwa na mtu mwingine. Kwa promota, umati huo ni hadithi tu. Kwa hiyo kitakachouzwa ni hadithi: "bondia mkimbizi", wasimulizi wa televisheni wakilirudia kila raundi, kwa watazamaji ambao si wakimbizi.

Je, ni vibaya? Sidhani. Mwili ni wake, na vidonda ni vyake. Kama neno hilo lilimgharimu, acha safari hii limlipe. Ninachokataa ni pale sisi tunapomdai. Nimeshasikia vijana wakisema, sasa amepata pesa, atukumbuke. Atukumbuke kwa lipi? Hakupigana kwa niaba ya mgao wetu. Timu ya wakimbizi ilimpa bendera wakati hana bendera nyingine, naye akailipa kwa medali. Deni limeisha pale. Anayedaiwa jimu ya kambini si Ngamba.

Tena tusisahau kulipwa kuna bei. Ukanda wetu unajua. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu Seoul 1988, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani fainali raundi ya pili. Mpaka leo Kenya haijapata dhahabu nyingine ya ngumi Olimpiki. Akaenda Marekani kutafuta pesa. Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Mwamuzi alisimamisha pigano, Wangila akalalamika kwamba bado anaweza. Baadaye akaanguka, akapoteza fahamu, akafariki. John Mugabi wa Uganda alitoka Moscow 1980 na fedha, akawa mtu wa kuogopwa kwenye kulipwa, mpaka Machi 1986 Marvin Hagler alipomwangusha raundi ya 11. Yeye aliinuka, na mwaka 1989 akapata mkanda wa dunia. Kabla yao Ayub Kalule, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974 kule Havana, alihamia Denmark, na baadaye akapata mkanda wa dunia. Wote watatu waliondoka kwa sababu ileile: nyumbani kulikuwa na sifa, na pesa ilikuwa ng'ambo. Wangila alizaliwa na uraia wake, akafa na uraia wake. Haukumkinga na konde hata moja.

Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba Ngamba sasa "amefika". Hajafika. Ameanza upya, chini, kwenye mchezo ambao hauna huruma na hauna bendera. Kwenye ridhaa ukishindwa unarudi kambi ya mazoezi. Kwenye kulipwa ukishindwa mara mbili simu ya promota inakuwa haipokelewi, na hapo ndipo tutajua kama umaarufu wake ulikuwa wa ngumi au wa neno. Mimi naamini ni wa ngumi. Bondia aliyemtoa Thibeault anaweza kuchukua mkanda bila msaada wa bango lolote. Akiuchukua, ningependa siku ile asiitwe kwanza mkimbizi. Aitwe bingwa, halafu anayetaka kujua mengine aulize, na aelezwe yote.

Tumsimulieje basi?

Walimu, mkimtaja darasani, anzeni na madaraja matatu ya uzito, maana hapo ndipo mtoto anajifunza kwamba ufundi unajengwa. Wazazi, binti akiuliza kama anaweza kucheza boksi, jibu liko kwenye picha mnayotumiana. Wahubiri na wazee wa jamii, kama hamtaki kutaja sababu ya ukimbizi wake, nyamazeni juu ya sababu. Msiweke nyingine ya uongo. Kunyamaza kuna heshima kidogo. Kughushi ushahidi wa mtu hakuna.

Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: mwaka huu kabla ya kutundika picha yake Juni 20, pitieni pale vijana wanapofanyia mazoezi. Msiwaulize kuhusu ndoto zao, wameshaulizwa mara nyingi. Waulizeni maswali matatu ya kawaida. Mwaka huu mmepigana mara ngapi na mtu wa nje ya kambi? Kibali cha mwisho kilichukua siku ngapi? Glovu ziko jozi ngapi, na mko wangapi? Andikeni majibu kama yalivyo, bila kupunguza, myapeleke kwa anayetoa vibali na kwa anayetoa fedha. Picha mtaitundika baadaye, kama nafasi ukutani itabaki.